Video za droni gizani: Kiini cha chenga zinazometameta na namna ya kuziondoa

VIDEO iliyopigwa na droni kabla ya jua kuchomoza huko Ainabkoi, Kaunti ya Uasin Gishu, huonekana safi kwenye kioo kidogo cha simu, kisha ikawa aibu inapofunguliwa kwenye kompyuta au runinga. Anga huchemka kama uji jikoni, msitu hujaa nukta nyekundu na kijani, na kuta za nyumba huangaza na kufifia pasipo mtu kugusa swichi.

Tatizo hili linawahusu watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Eneobunge la Ainabkoi linajumuisha wadi za Kapsoya, Kaptagat na Ainabkoi/Olare. Kapsoya ni mtaa wa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024, wenye taa za barabarani na za majumbani. Kaptagat nayo ni makao ya wanariadha, akiwemo Eliud Kipchoge, ambaye amejinolea huko kwa miaka mingi.

Wanariadha huanza mazoezi alfajiri na mapema. Sherehe za arusi huendelea hadi usiku. Kwa hivyo mpiga video wa sehemu hizi hulazimika kufanya kazi nyakati zile hasa ambazo kamera yake ndogo ni dhaifu. Mteja aliyelipia kumbukumbu ya siku moja ya maisha yake hawezi kuambiwa arusi irudiwe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kumetameta si ugonjwa mmoja. Kuna angalau aina tano, kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja aghalabu haifai kitu kwa nyingine.

Kwa nini giza huzaa chenga

Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera kwa chembe ndogo mno ziitwazo fotoni, na chembe hizo haziji kwa mpangilio sawasawa. Huja kama matone ya mvua juu ya bati: sehemu moja hupata mengi, nyingine machache, na sekunde inayofuata hali hubadilika.

Iwapo pikseli moja hupokea wastani wa fotoni 10,000 katika fremu moja, idadi hiyo hupanda na kushuka kwa takriban 100, yaani asilimia 1. Jicho halitambui tofauti hiyo. Lakini mwanga ukipungua hadi fotoni 100, mabadiliko huwa takriban 10, sawa na asilimia 10. Hizo ndizo chenga.

Katika picha ya kawaida chenga hutulia na mtazamaji huzivumilia. Katika video, kila fremu ina chenga zake mpya, na fremu 25 au 30 hupita kila sekunde. Ndiposa picha huonekana kuchemka.

Wengi hulaumu kiwango cha ISO. Kwa hakika ISO haiongezi mwanga wowote. Hukuza tu ishara hafifu iliyokwisha kupokewa, pamoja na chenga zake. Anayepandisha ISO kutoka 400 hadi 3200 hukuza ishara mara 8, lakini idadi ya fotoni hubaki ile ile.

Ukubwa wa kihisi na wa tundu la lenzi una uzito zaidi. DJI Mini 2, iliyotoka mwaka wa 2020, ina kihisi cha inchi 1/2.3 chenye eneo la takriban milimita 28 za mraba na tundu la f/2.8. Mini 3 Pro ya mwaka wa 2022 ina kihisi cha inchi 1/1.3 chenye eneo la mara mbili na nusu hivi, pamoja na tundu la f/1.7. Ukijumlisha yote mawili, kamera hiyo ya pili hukusanya mwanga karibu mara 7.

Hata hivyo, mwanga mara 7 haupunguzi chenga mara 7. Uwiano wa ishara na chenga hukua kwa kipeuo cha pili cha mwanga: mwanga mara 4 huupandisha uwiano huo mara 2, na mwanga mara 9 huupandisha mara 3. Hesabu hii ni muhimu kwa anayetaka kununua droni mpya kwa matumaini ya kumaliza tatizo.

Alfajiri ya karibu na ikweta

Ainabkoi iko karibu mno na ikweta. Jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi mwaka mzima, na mapambazuko ni mafupi. Kutoka wakati ambapo jua liko nyuzi 6 chini ya upeo hadi linapochomoza ni dakika 21 au 22 pekee.

Katika muda huo mfupi, mwanga wa anga safi huongezeka zaidi ya mara 100. Kamera iliyoachwa ijipangie mambo yenyewe hulazimika kubadilisha ISO na kasi ya shata tena na tena. Kila inapobadilisha, picha huruka kutoka giza hadi mwanga, au kinyume chake.

Hii ni aina ya pili ya kumetameta, na haihusiani na chenga. Tiba yake ni kupanga ISO, shata na rangi nyeupe kwa mkono kabla ya kuanza kurekodi, kisha kutozigusa hadi kipande kiishe. Mwanga ukibadilika sana, ni heri kurekodi vipande vifupi vya sekunde 15 au 20 na kupanga upya baada ya kila kimoja.

Jua likiisha kuchomoza huja balaa ya tatu. Miale ya jua lililo chini hupita kati ya mapanga ya droni na kutupa vivuli juu ya lenzi, na picha hupata mistari inayopepesa upande wa juu. Inatosha kuigeuza droni kidogo au kuinamisha kamera ili jua lisielekee lenzi moja kwa moja. Ni vigumu kuviondoa vivuli hivyo vizuri baadaye kwenye kompyuta.

Taa za umeme na hesabu ya 50

Aina ya nne ndiyo inayowasumbua wapigao video Kapsoya na katikati ya jiji la Eldoret. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Mkondo wake hubadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, na taa hupata kilele cha nguvu mara mbili katika kila mzunguko. Hivyo basi taa nyingi huangaza na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ilhali kamera huona.

Balbu za LED za bei nafuu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nyingi hazina sehemu ya kutosha ya kusawazisha mkondo. Aidha, vihisi vingi vya droni husoma picha mstari baada ya mstari badala ya kuinasa yote kwa mpigo mmoja. Matokeo yake ni mapande meusi na meupe yanayotembea juu ya kuta na vichwa vya watu.

Chanzo kikubwa ni mipangilio ya nchi nyingine. Droni nyingi huja zikiwa zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, desturi iliyotoka Marekani ambako umeme ni wa hezi 60. Kamera ikirekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60 chini ya taa za hezi 50, kila fremu hunasa mzunguko mmoja na theluthi mbili za mwanga wa taa. Fremu moja hupata kilele, nyingine hupata bonde, na mwangaza hupigapiga mara 10 kwa sekunde.

Suluhisho halihitaji hata senti moja. Shata ikiwekwa 1/50, kila fremu hunasa mizunguko miwili kamili ya taa, si zaidi si pungufu. Shata ya 1/100 hunasa mmoja kamili. Katika hali zote mbili kumetameta hutoweka, hata kama kamera bado inarekodi fremu 30.

Ni vyema zaidi kurekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Maadamu 100 hugawanyika kwa 25 bila baki, mapande yoyote yanayosalia husimama au hutembea polepole sana, na ni rahisi kuyarekebisha. Huu ndio mpangilio uliozoeleka kwa miaka mingi katika runinga za nchi zenye umeme wa hezi 50.

Kuna mahali hesabu hii huvunjika. Jenereta ndogo ya petroli inayoendesha taa za arusi au za mkesha wa matanga haishiki hezi 50 sawasawa; hupanda mzigo unapopungua na kushuka vipaza sauti vinapowashwa. Taa za sola nazo hutumia betri, na baadhi hupunguziwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa kwa kasi isiyohusiana na 50. Hapo mpiga video hana budi kujaribu kasi kadhaa za shata na kutazama matokeo kwenye kioo kikubwa kabla ya shughuli kuanza.

Faili linapopumua

Aina ya tano huzaliwa ndani ya kamera yenyewe. Ili faili lisiwe kubwa kupindukia, kamera huhifadhi fremu moja kamili kila baada ya muda, halafu katika fremu zinazofuata huandika tofauti tu. Mbinu hii hufaa kwa picha tulivu.

Chenga huivuruga mbinu hiyo, kwani kila nukta ni tofauti katika kila fremu. Kamera ikishindwa kuandika tofauti zote, huzipaka zikawa ukungu. Fremu kamili inayofuata hurudisha chenga zote kwa pamoja. Mtazamaji huona picha ikipwita kwa mpigo wa kawaida, mathalani mara moja kila sekunde.

Kinga ni kuchagua kasi kubwa zaidi ya data ambayo droni inaruhusu. Mini 2, kwa mfano, hufika megabiti 100 kwa sekunde. Aidha, ni busara kupunguza ukali wa picha katika mipangilio ya kamera, kwa sababu ukali huo hunoa chenga kabla ya hazijahifadhiwa, na kisu kilichonoa chenga hakirudi nyuma.

Kosa jingine la kawaida ni kutumia rangi bapa, ile iitwayo log, usiku. Rangi hiyo imekusudiwa kuhifadhi tofauti kubwa za mwanga mchana. Gizani huinua sehemu nyeusi, ambako ndiko chenga zilikojificha. Rangi ya kawaida ya kamera hufaa zaidi.

Kinga angani

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwanga uliokosekana wakati wa kurekodi haurudishwi na kompyuta yoyote, kwa hivyo kazi kubwa hufanywa uwanjani.

Kwanza, shata iwe ya polepole kadiri mwendo wa kinachopigwa unavyoruhusu. Mwanariadha anayekimbia kilomita 20 kwa saa husogea takriban sentimita 11 katika muda wa 1/50 ya sekunde, ukungu ambao jicho hulichukulia kuwa la kawaida. Kwa 1/25 husogea sentimita 22 na huanza kupoteza umbo. Kwa mandhari ya mashamba ya ngano au msitu, shata ya 1/25 haina taabu iwapo droni imetulia.

Pili, droni iende polepole au isimame kabisa. Hili halisaidii tu kuzuia ukungu. Hurahisisha pia kazi ya kusafisha baadaye, kama itakavyoelezwa.

Tatu, kichujio cha kupunguza mwanga kilichotumiwa mchana kiondolewe. Ni jambo dogo, lakini kikisahaulika hula mwanga uleule ambao mpiga video anautafuta.

Nne, betri ichungwe. Katika kimo cha mita 2,500 hewa huwa nyepesi kwa takriban moja kwa tano ikilinganishwa na ya pwani, na mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Baridi ya alfajiri nayo hupunguza nguvu ya betri za lithiamu. Betri ihifadhiwe mahali penye joto, na droni ielee chini kwa dakika moja hivi kabla ya kupanda.

Tano, sheria izingatiwe. Kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) na isiruke juu ya futi 400 kutoka ardhini bila idhini. Anayekusudia kuruka gizani, au karibu na uwanja wa ndege, ahakikishe kwanza kwamba kibali chake kinamruhusu.

Tiba kwenye kompyuta

Iwapo video imekwisha kurekodiwa, bado kuna la kufanya. Hatua zifuatwe kwa mpangilio, kwa kuwa ukizigeuza huharibu badala ya kutengeneza.

Hatua ya kwanza ni kusawazisha mwangaza unaopanda na kushuka. Programu ya bure ya FFmpeg ina kichujio cha kazi hiyo, ambacho hulinganisha mwangaza wa fremu kadhaa zinazofuatana na kuuweka katika wastani. Kichujio hicho hufaa kwa picha nzima inayopigapiga. Hakiwezi kuondoa mapande yanayotembea.

Hatua ya pili ni kuondoa chenga. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutazama fremu moja na kulainisha nukta zilizo jirani. Ni ya haraka, lakini hufuta majani ya miti pamoja na chenga. Ya pili hulinganisha fremu kadhaa zinazofuatana na kuchukua wastani wake. Maadamu chenga hubadilika na ukuta haubadiliki, wastani hufuta chenga na kuuacha ukuta.

Wastani wa fremu 4 hupunguza chenga hadi nusu, wa fremu 9 hadi theluthi. Lakini kitu kinachosogea huacha kivuli chake nyuma, mfano wa mzimu. Ndiyo maana droni iliyosimama hutoa video iliyo rahisi kusafishwa kuliko iliyokuwa ikienda kasi.

Programu za kulipiwa kama Neat Video na toleo la Studio la DaVinci Resolve hujaribu kufuatilia mwendo wa kila sehemu ya picha kabla ya kuchukua wastani, na hivyo kupunguza mizimu. Kwa asiye na uwezo wa kununua, FFmpeg ina vichujio kadhaa vya kuondoa chenga, kikiwemo kile kiitwacho hqdn3d ambacho huunganisha njia zote mbili. Katika programu zote, kipimo kianze chini. Chenga kidogo zikibaki si kosa. Nyuso zinazofanana na plastiki ndizo kosa.

Hatua ya tatu ni kurekebisha rangi na mwangaza, na ya mwisho kabisa ni kunoa picha. Atakayenoa kabla ya kusafisha atakuwa amezipa chenga kingo ngumu zisizong'oka.

Ipo tiba moja rahisi ambayo wengi huipuuza. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, ilhali ile ya 1080p ina 1,920 kwa 1,080, yaani robo kamili. Kompyuta ikiipunguza ya kwanza kuwa ya pili kwa kuchukua wastani, pikseli 4 huungana kuwa 1, na chenga zisizohusiana hupungua hadi nusu. Kwa mteja atakayeitazama arusi yake kupitia WhatsApp, hapotezi chochote. Isitoshe, mitandao hiyo huibana video upya, na video isiyo na chenga hubanwa bila kugeuka vipande vya mraba.

Video inapokuwa ushahidi

Kuna hali ambapo kusafisha video ni hatari. Droni inaweza kunasa ajali katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, wizi wa mifugo, au mzozo wa mpaka wa shamba. Hapo picha haitafutwi kwa uzuri wake bali kwa ukweli wake.

Kila kichujio hukisia. Kinapochukua wastani wa fremu, kinaweza kufuta mtu aliyepita gizani kwa kuwa alikaa fremu chache tu. Programu zinazotumia akili unde huenda mbali zaidi: huchora maelezo ambayo kamera haikuyaona, zikiongozwa na picha nyingine zilizofunzwa. Nambari ya gari au sura ya mtu iliyosafishwa namna hiyo inaweza kuwa safi na ya uongo kwa wakati mmoja.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, huweka masharti ya kukubaliwa kwa rekodi za kielektroniki mahakamani, likiwemo la cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Kwa sababu hiyo, faili la asili lisiguswe. Linakiliwe, nakala ndiyo isafishwe, na kila hatua iliyofanywa iandikwe pamoja na jina la programu na kipimo kilichotumika. Kadi ya kumbukumbu isifutwe hadi shauri liishe.

Kwa muhtasari

Anayekabiliwa na video inayometameta ajiulize kwanza inametameta vipi. Nukta zinazochemka katika sehemu nyeusi ni uhaba wa mwanga. Tiba ni shata ya polepole, kihisi kikubwa na wastani wa fremu. Picha nzima inayoruka ni kamera inayojipangia. Tiba ni kuipanga kwa mkono. Mistari upande wa juu jua likiwa chini ni vivuli vya mapanga. Tiba ni kugeuza droni.

Mapande yanayotembea chini ya taa ni umeme wa hezi 50. Tiba ni shata ya 1/50 au 1/100. Mpwito wa kawaida kila baada ya muda mfupi ni ubanaji wa faili. Tiba ni kasi kubwa zaidi ya data na chenga chache tangu mwanzo.

Kati ya tiba hizo, ile ya shata haigharimu chochote, hutekelezwa kabla ya droni kuondoka ardhini, na huokoa saa nyingi za kompyuta. Anayerekodi chini ya taa za Eldoret aanze na hiyo.